Kusafiri na Kichanga au Kumwacha kwa Bibi Kwanza: Ulinganisho kwa Waombaji wa Ukaazi wa Kudumu wa Kanada

Maombi ya ukaazi wa kudumu wa Kanada hukaa mezani miezi mingi, na si ajabu familia ya Sakina, Arusha, au ya Shanty Town, Moshi, iliyoanza kujaza fomu ikiwa watu wawili ikawa ya watu watatu kabla jibu halijatoka. Mtoto akishazaliwa, maneno huwa mengi. Bibi mzaa baba husema, "Niachieni mjukuu wangu, nyie tangulieni mkajipange". Wakala wa mjini husema faili lisiguswe lisije likachelewa. Na baba wa mtoto hupiga hesabu ya nauli. Katika maneno hayo yote njia halali ni mbili tu: mtoto aingizwe kwenye maombi kama mtegemezi anayeambatana na wazazi, au atajwe kama mtegemezi asiyeambatana, abaki nyumbani, kisha wazazi wamdhamini wakishakuwa wakaazi. Ushauri wa kutoligusa faili nao hutolewa kana kwamba ni njia ya tatu, kwa hiyo nitaanza na huo ili tuuondoe njiani.

Kwa nini kunyamaza si njia

Kanuni za Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi za Kanada, katika kanuni ya 117(9)(d), zinasema kwa ufupi kwamba mwanafamilia ambaye hakuambatana na mwombaji, na wala hakuchunguzwa na maofisa wakati maombi yake yakiendelea, hahesabiwi tena kuwa miongoni mwa watu anaoweza kuwadhamini. Kwa hiyo mama aliyeingia Toronto au Edmonton bila kumtaja mtoto aliyebaki Machame hawezi baadaye kumdhamini mtoto huyo kwa utaratibu wa kawaida, hata akija kupata uraia, hata akileta vipimo vya vinasaba. Kanuni hiyo haiulizi nia: aliyesahau, aliyeshauriwa vibaya na aliyeficha makusudi wote hukutana na mlango uleule. Ikionekana kwamba ukweli uliofichwa ungeweza kuathiri uamuzi, huongezeka kosa la kutoa taarifa zisizo za kweli chini ya kifungu cha 40 cha sheria yao ya uhamiaji, ambalo adhabu yake ni kuzuiwa kuingia Kanada kwa miaka 5 na linaweza kumfanya mtu apoteze ukaazi alioupata.

Wapo wanaosema kwamba siku hizi Kanada imelegeza. Ni kweli kwamba tarehe 9 Septemba 2019 ilianza sera ya muda ya kuwaruhusu baadhi ya watu wasiotajwa kudhaminiwa, lakini sera hiyo ililenga wazazi walioingia kama wakimbizi, na wale ambao wenyewe walidhaminiwa kama mwenzi au mtoto. Muuguzi wa Moshi au fundi wa Arusha anayeomba kwa sifa za kazi na elimu hakuandikiwa sera hiyo. Kwake hubaki ombi la kuhurumiwa kwa sababu za kibinadamu, ambalo ofisa anaweza kulikubali au kulikataa, na ambalo hakuna mzazi mwenye busara anayelipanga tangu mwanzo. Wakala anayesema "nyamaza" hatakuwapo siku hiyo. Na isitoshe, mtu anayelipwa kumshauri mwombaji wa Kanada anatakiwa kisheria awe wakili au mshauri mwenye leseni ya huko.

Ujauzito, kwa upande wake, hauongezi mtu kwenye fomu. Mtoto huhesabiwa akishazaliwa. Hata hivyo, mama mjamzito anaweza kuomba eksirei ya kifua, iliyo sehemu ya uchunguzi wa afya wa maombi, iahirishwe hadi ajifungue, na anayefanya hivyo ajue kwamba faili lote litasubiri, hivyo mtoto karibu hakika atazaliwa kabla ya uamuzi.

Ambapo njia zote mbili ni sawa

Wengi huchagua kumwandika mtoto kuwa "asiyeambatana" wakiamini wanapunguza gharama na usumbufu. Nikizilinganisha njia hizi mbili kipengele kwa kipengele, naona unafuu huo ni mdogo kuliko unavyodhaniwa.

Tuanze na fedha za kujikimu, ambazo ndizo zinazowatisha watu. Wanaoomba kupitia kundi la wafanyakazi wenye ujuzi, isipokuwa wenye ajira iliyothibitishwa pamoja na kibali cha kufanya kazi Kanada, hutakiwa kuonyesha akiba kulingana na ukubwa wa familia. Viwango vya Julai 2025 vilikuwa dola 19,001 za Kanada kwa watu wawili na dola 23,360 kwa watu watatu, na viwango hivi hubadilishwa kila mwaka. Nyongeza hapo ni dola 4,359. Lakini ukubwa wa familia katika hesabu hiyo ni pamoja na watoto wasioambatana. Ukimwacha mtoto Marangu au ukimbeba mgongoni hadi Calgary, benki yako lazima isome kiasi kilekile. Fedha hizo hazilipwi kwa serikali, zinabaki kuwa zako, lakini ni lazima ziwepo.

Uchunguzi wa afya nao haukwepeki. Mtoto asiyeambatana hupimwa kama anayeambatana, kwa sababu lengo la kumtaja ni kwamba achunguzwe na haki yake ya baadaye ibaki hai. Kipimo chenyewe kwa kichanga ni chepesi: daktari humpima uzito, urefu na mzingo wa kichwa, humsikiliza moyo na mapafu, na huangalia maendeleo yake; eksirei na vipimo vya damu kwa kawaida ni vya watoto wakubwa na watu wazima. Usumbufu ni mahali. Daktari lazima awe kwenye orodha ya madaktari walioteuliwa na Idara ya Uhamiaji ya Kanada, IRCC. Asiyekuwemo kwenye orodha hiyo hakubaliki, hata awe bingwa wa watoto wa hospitali ya KCMC au Mount Meru, hata kama ndiye aliyemtoa mtoto tumboni. Angalia orodha kabla ya kukata tiketi ya basi, na usimpeleke mtoto kabla ya kupata barua ya maelekezo yenye namba zake.

Kuna tatizo la tatu ambalo watu hulizungumza kwa sauti ya chini: mtoto aliyezaliwa na ugonjwa au ulemavu. Baadhi ya familia hufikiri kumwandika kuwa hasafiri kutawakinga wazazi na kipengele cha gharama kubwa za matibabu. Kwa kawaida haiwi hivyo, kwa kuwa mtoto asiyeambatana akionekana hakubaliki, anaweza kuwazuia wazazi pia. Tangu 2018 kiwango cha gharama kinachohesabiwa kuwa kikubwa kupita kiasi kimepandishwa hadi mara tatu ya wastani wa mtu mmoja nchini humo, kwa hiyo watoto wengi ambao zamani wangekataliwa sasa hupita. Na mtoto anayedhaminiwa na mzazi wake katika kundi la familia hasomewi kabisa kipengele hicho. Familia yenye hali hiyo ndiyo pekee ambayo ningeiambia itafute wakili kabla ya kutia alama kwenye kisanduku chochote.

Alama ambazo Kanada huzitumia kuwapanga na kuwateua waombaji nazo hazibadiliki. Mtoto haongezi wala hapunguzi alama.

Ambapo zinatofautiana

Tofauti ya kwanza ni ada. Mtegemezi anayeambatana katika maombi ya kundi la kiuchumi, yaani la wanaoomba kwa sifa za kazi na elimu, hulipiwa ada ya kushughulikiwa, ambayo tangu 30 Aprili 2024 ilikuwa dola 260, na ada hizi kwa desturi hupandishwa kila baada ya miaka miwili. Ada ya haki ya ukaazi, dola 575 kwa mtu mzima kwa viwango hivyohivyo, haimhusu mtoto. Alama za vidole pia hazimhusu, kwani mtoto wa chini ya miaka 14 hachukuliwi. Asiyeambatana halipiwi sasa. Hulipiwa siku atakapodhaminiwa, na ada ya kumdhamini mtoto ni ndogo kidogo kuliko hiyo. Kwa fedha taslimu, basi, kumwacha kunaokoa kitu, lakini si kitu cha kumfanya mtu atengane na mtoto wake.

Tofauti ya pili ni pasipoti, na hapa kumwacha kuna unafuu wa kweli. Asiyeambatana hahitaji viza, hivyo pasipoti yake haina haraka. Anayeambatana anaihitaji, na pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000 pamoja na mlolongo wa nyaraka nitakaoueleza hapa chini.

Tofauti ya tatu ndiyo nzito. Mtoto anayeambatana hupata ukaazi pamoja na wazazi, na faili hufungwa. Asiyeambatana huanza foleni mpya: mzazi lazima awe ameshaingia, awe anaishi Kanada, maana mkaazi wa kudumu ambaye hajawa raia hawezi kudhamini akiwa nje ya nchi hiyo, ajaze maombi upya, ampime mtoto upya kwa kuwa majibu ya afya huisha baada ya miezi 12, kisha asubiri. Mtoto aliyeachwa akinyonya anaweza kuungana na mama yake akiwa anaongea. Katika muda huo wazazi hawapati posho ya mtoto ya Kanada, ambayo kwa mtoto wa chini ya miaka 6 ilifikia dola 7,997 kwa mwaka katika kipindi cha Julai 2025 hadi Juni 2026 kwa familia za kipato kidogo, kwa sababu posho hiyo hufuata mtoto anayeishi na mzazi.

Sababu za upande wa bibi nazo si za kupuuza. Mwezi wa kwanza ugenini, wote wawili wakitafuta kazi, bila shangazi wala jirani wa kumshika mtoto, na chekechea zikiwa na orodha ya kusubiri, ni mgumu sana, na anayefika Januari akitokea joto la Moshi huuona mgumu mara mbili. Ila wengi hawajui kwamba kuambatana hakumaanishi kupanda ndege moja. Mwombaji mkuu anatakiwa atangulie au asafiri pamoja na wenzake. Mwenzi na mtoto wanaweza kumfuata baadaye, mradi wote waingie kabla viza zao hazijaisha muda. Baba akitangulia, akapata chumba na kazi, mama na mtoto wakakaa Njiro au Rau kwa miezi kadhaa wakiwa na viza mkononi, lengo la bibi limetimia bila mtoto kutolewa kwenye maombi. Tarehe ya mwisho ya viza hufungwa na uhai wa majibu ya afya au wa pasipoti, lolote litakalotangulia kuisha, hivyo muda huo upimwe mapema.

Na kama tatizo ni malezi, zipo familia zilizogeuza mpango: badala ya mtoto kubaki kwa bibi, bibi amfuate mtoto. Kanada ina viza maalumu ya wazazi na mababu ambayo humruhusu bibi kukaa hadi miaka 5 kwa kila anapoingia, kwa sharti la bima ya afya isiyopungua dola 100,000 na kipato cha kutosha cha mtoto au mjukuu anayemwalika. Mhamiaji mwenye miezi miwili tu Kanada hatafikia kipato hicho, lakini ni jambo la kuliweka kwenye mpango wa mwaka wa pili.

Kwa maoni yangu, basi, familia isiyo na kizuizi maalumu imwingize mtoto kuwa anayeambatana. Njia ya kumtaja bila kuambatana naifikiria pale ambapo mtoto yuko chini ya malezi ya mzazi mwingine ambaye hajakubali aondoke. Mzazi asiyesafiri lazima atie saini tamko la kuridhia mtoto mdogo kuhamia Kanada, na asipotia saini, mtoto hapewi viza. Kumtaja na kumpeleka akapimwe hapo ndiko kunakomhifadhia haki yake hadi mambo yatakapotengemaa.

Viza ikiwa imeshatoka

Wakati wa hatari kuliko wote ni ule wa katikati ya kupokea hati ya uthibitisho wa ukaazi na kupanda ndege pale uwanja wa KIA. Familia huona kazi imekwisha. Lakini mtoto akizaliwa hapo, wajibu wa kutoa taarifa bado upo, na mzazi akitua bila kusema, atakuwa ametua akiwa na mtoto ambaye hajachunguzwa, na ile kanuni ya 117 itamkamata kama ingemkamata aliyeficha kwa miaka mitano. Sahihi ni kuahirisha safari, kuandikia ofisi iliyotoa viza, na kusubiri mtoto aongezwe, hata kama viza za wazazi zitalazimika kutolewa upya. Ni hasara ya tiketi, nakubali.

Hapa kuna mkanganyiko unaoletwa na ndugu walioenda Marekani kwa bahati nasibu ya viza. Kwa utaratibu wa Marekani, mtoto aliyezaliwa baada ya mzazi kupewa viza ya uhamiaji anaweza kuingia pamoja na mzazi huyo kwa cheti cha kuzaliwa bila viza yake mwenyewe, viza ya mzazi ikiwa bado hai. Ushauri wa shemeji aliyeko Texas ni sahihi kwa Texas. Mwombaji wa Kanada asiutumie.

Mume akiwa tayari yuko Kanada

Mke anayedhaminiwa na mume aliyeko huko akijifungua Moshi, kwanza iulizwe hadhi ya mume. Kama ni mkaazi wa kudumu, mtoto huongezwa kwenye maombi ya mama kama mtegemezi. Kama mume alizaliwa Kanada, au alipata uraia huko kabla mtoto hajazaliwa, mtoto huyo ni raia wa Kanada tayari, na anachoombewa ni cheti cha uraia. Aendelee kutajwa kwenye fomu za mama, lakini asiombewe ukaazi asiouhitaji.

Nyaraka za huku nyumbani

Kazi kubwa ya kumwongeza mtoto hufanyika Tanzania. Hospitali hutoa tangazo la kizazi, na tangazo si cheti. Cheti hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kwa maombi ya mtandaoni au kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, na inafaa kusajili ndani ya siku 90 kabla ada ya kuchelewa haijaanza. Kwa safari ya Kanada hakikisha una cheti, na kama karatasi yoyote unayoituma ni ya Kiswahili kitupu, iambatane na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa yenye kiapo cha mtafsiri.

Jina ndilo hukwamisha watu. Uchagani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mara nyingi wodini katika hospitali ya Mawenzi tangazo huandikwa kabla wazee hawajasema neno lao, hivyo nafasi ya jina hubaki na mstari au jina la utani la nesi. Baadaye cheti hutoka na majina mawili, kadi ya kliniki ina jina la ubatizo, na pasipoti inaombwa kwa majina matatu. Ofisa aliyeko mbali hajui kwamba hao wote ni mtoto mmoja. Kaeni na wazee mapema, mkubaliane majina matatu na mpangilio wake, kisha yaandikwe hivyohivyo kuanzia RITA, Uhamiaji ya Tanzania, barua ya daktari hadi fomu ya IMM 0008, ambayo ndiyo fomu kuu ya maombi ya Kanada.

Picha nazo ni mbili tofauti. Pasipoti ya Tanzania hutaka mandhari ya bluu mpauko, Kanada hutaka mandhari nyeupe au ya rangi nyepesi, ukubwa wa milimita 50 kwa 70. Mwambie mpiga picha akupigie zote siku moja, mtoto akiwa amelazwa juu ya shuka lililonyooshwa, macho wazi, bila mkono wa mama kuonekana shingoni. Mpeleke akiwa ameshanyonya.

Taarifa yenyewe hutumwa IRCC kupitia fomu yao ya mtandaoni, au kwa akaunti ya maombi pale inaporuhusu, mara cheti kinapopatikana na bila kusubiri pasipoti. Wanaosubiri nyaraka zote zitimie ndio hukutwa na viza imetoka. Andika namba ya maombi, namba ya mteja, majina kamili na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, na kama anaambatana au haambatani. Ambatisha cheti, IMM 0008 iliyosahihishwa, fomu ya IMM 5406 (ya taarifa za familia) ya kila mzazi ikiwa na jina la mtoto, na risiti ya ada pale inapohusika. Kama pasipoti bado iko Uhamiaji, sema hivyo kwa sentensi moja na utaje tarehe ulipoiomba, kisha hifadhi nakala ya ujumbe pamoja na jibu la kupokelewa mahali ambapo hata mwenzi wako anaweza kuvipata.